Liacheni Panga Licheze

Wiki iliyopita nimetumiwa tena ile video ya kijana aliyejiundia helikopta. Kijana mwingine, uwanja mwingine, ila mambo ni yale yale: mabomba ya mraba yamechomelewa vizuri, injini ya gari mgongoni, juu mapanga mawili ya bati. Anawasha, vumbi linatimka, kuku wanakimbia, watu wanashangilia. Chini yake maoni: "Serikali imsaidie huyu." "Angezaliwa Ulaya huyu!" Na yule mmoja asiyekosekana: "Injini ndogo hiyo, atafute kubwa."

Mimi injini siiangalii. Naangalia pale juu, panga liliposhikwa. Karibu kila mara nakuta limechomelewa likakaza kabisa, kama pangaboi la darini. Basi najua chombo hicho hakitaruka, na kikiruka, Mungu apishe mbali.

Nilijifunza hili kwa aibu. Miaka ile nikiwa mafunzo kwa vitendo kwenye hanga moja pale uwanja wa ndege, siku ya kwanza nilikuta helikopta ya mapanga matatu imeegeshwa, mapanga yamelala kama majani ya mgomba saa nane mchana. Nikamwambia fundi mkuu, "Shikamoo mzee, hii naona imelegea, tuikaze?" Hakunijibu. Akaniita, akaniambia niweke kiganja chini ya ncha ya panga nisukume. Likapanda. Nikaachia, likashuka. "Likikataa kupanda hivyo," akasema, "mimi sipandi."

Kwa mtu aliyefundishwa ufundi wetu wa mtaani, hayo ni matusi. Sisi kitu kikicheza ni kibovu. Bolti ikicheza unaikaza, ikicheza tena unaichomelea. Helikopta imejengwa kwa akili ya kinyume.

Chukua helikopta ndogo ya kawaida, mapanga yake yakizunguka yanapiga duara la mita 10 hivi, mara 400 kwa dakika. Ncha ya panga inakimbia zaidi ya kilomita 750 kwa saa. Ikiwa imesimama hewani bila upepo, pande zote ni sawa, hakuna ugomvi. Sasa iende mbele kilomita 200 kwa saa. Upande ambao panga linakwenda mbele, ncha inakutana na hewa kwa kilomita 950. Upande wa pili, panga linaporudi nyuma, inabaki na 550. Na nguvu ya kunyanyua haiendi sambamba na mwendo, inakwenda na mwendo mara mwendo. Piga hesabu: kwenye ncha, upande mmoja ungenyanyua karibu mara tatu ya mwenzake. Chombo kinabiringika.

Ndicho kilichomkuta Juan de la Cierva, Mhispania aliyekuwa anaunda ndege yenye panga la juu linalozungushwa na upepo tu. Tatu za kwanza zilimshinda, zinalalia ubavu. Wakati huo huo kimfano chake kidogo, chenye mapanga yaliyotengenezwa kwa henzirani, kilikuwa kinaruka bila shida. Henzirani inapinda! Akaweka bawaba kwenye shina la kila panga, na Januari 1923, karibu na Madrid, ikaruka. Panga linalokwenda mbele linapopata nguvu nyingi, linapanda lenyewe, na katika kupanda pembe yake dhidi ya hewa inapungua, nguvu inashuka. Linaporudi nyuma linashuka, pembe inaongezeka. Mizani inajipanga yenyewe, kila mzunguko. Bawaba, kama ya mlango wa kabati. (Masikini Cierva mwenyewe alifia kwenye ndege ya kawaida ya abiria, London, 1936.) Siku hizi helikopta nyingi zimeacha bawaba za chuma, wanatumia mpira na nyuzi za kioo zinazopinda, lakini kazi ni ile ile.

Utaniuliza, likilegea hivyo mbona halipindi juu likavunjika? Kwa sababu mzunguko wenyewe unalinyoosha. Panga la kilo 20, kiini cha uzito wake kikiwa mita 2.5 kutoka katikati, kwa mizunguko 400 linavuta kwenda nje kwa nguvu ya karibu tani 9. Tani 9 hizo zinaning'inia kwenye ule mchomeleo wa kijana wetu. Hapo ndipo watoto waliokaa mbele kwenye video wananinyima usingizi.

Na wala si lazima iruke ndipo iue. Mapanga matatu au zaidi yakiwa na bawaba ya pili, ya kwenda mbele na nyuma, yanaweza kupishana vibaya, uzito ukahamia upande mmoja, kama mashine ya kufulia nguo zikijikusanya pembeni. Helikopta ikiwa bado chini inaanza kuyumba kwenye miguu yake. Myumbo huo ukilingana na ule wa mapanga, kila mzunguko unaongeza, na ndani ya sekunde chache chombo kinajichana chenyewe. Dawa yake ni shokapu kwenye mapanga na kwenye miguu. Shokapu! Nani kwenye maoni aliandika "serikali imnunulie shokapu"?

Ndiyo maana Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikisema chombo kikaguliwe kwanza, mimi siungani na wanaolia kwamba kipaji kinauawa. Lakini pia siungani na wanaocheka. Anayeweza kuunganisha yale mabomba bila mwalimu ana mikono. Chuo cha Usafirishaji pale Mabibo kinafundisha ufundi wa ndege. Vijana hawa wakaribishwe wiki moja tu, wasukume panga kwa kiganja kama nilivyosukuma mimi. Makofi wanayo ya kutosha.

Jumamosi nilimfuata mmoja wao, Temeke, ndani ndani huko. Injini ya Starlet, kazi safi sana, michomeleo imepangana kama magamba ya samaki. Nikamweleza habari ya pembea: mapanga mawili yawe kitu kimoja, yakae juu ya pini moja katikati, moja likipanda mwenzake anashuka, kama ilivyokuwa kwenye helikopta ya Bell 47 ya mwaka 1946. Na kwamba hata akifanya hivyo bado haipandi mtu, kuna mengine kumi nyuma yake. Alisikiliza, mkono uko juu ya ule mchomeleo anaupapasa.

"Kwa hiyo mzee, hii yote niikate?"

"Ikate."

Akakaa kimya kidogo. Halafu akamtuma mdogo wake akaazime grinda.