Eti mbwa wa kienyeji haumwi

Kuna kauli nikiisikia tena nitamrukia mtu. "Dada, huyo si ana damu ya kienyeji? Hao hawaumwi." Safari hii nimeambiwa na muuzaji wa duka la dawa za mifugo, mtu ambaye riziki yake inategemea wanyama kuumwa. Nimempakata Simba (ndiyo, anaitwa Simba na ana kilo 5, chekeni mmalize), ufizi umepauka, chakula hataki tangu jana. Na ushauri niliopewa ni huu: kampake oili chafu, kupe watadondoka wenyewe.

Oili chafu. Ile inayomwagwa gereji. Kwa mnyama anayejilamba mwili mzima.

Simba ni chotara. Mama yake ni kijibwa cheupe cha manyoya cha mtu wa Kinyerezi, na kwa upande wa baba mtaa mzima unashukiwa. Kwa hiyo kila mtu anachagua nusu inayomfaa. Siku ya kununua nilitajiwa bei ya nusu ya kizungu. Siku ya kuumwa naambiwa nimtibu nusu ya kienyeji.

Sawa, nitakubali jambo moja, kwa shingo upande. Mbwa mchanganyiko mara nyingi ana nafuu kwenye magonjwa ya kurithi. Wale wa pua bapa wanaokoroma wakiwa macho, wenye kuhema juani hadi unawahurumia, wamebebeshwa shida hiyo na watu waliowazalisha kwa ajili ya sura. Simba hana hilo, namshukuru baba yake popote alipo. Lakini kupe haulizi ukoo.

Na huo ushahidi kwamba wa kienyeji hawaumwi unatoka wapi? Mbwa wa mtaani anazaa watoto sita, saba. Baada ya mwaka unamwona mmoja anakatiza barabara, kakomaa, watu wanamnyooshea kidole: unaona, hajawahi kuona daktari! Wenzake wako wapi? Parvo iliwaharisha damu, minyoo ikawanyonya, wengine gari. Walitupwa jalalani na hakuna aliyewahesabu. Tumemfanya aliyebaki kuwa shahidi wa wote.

Kinachowadanganya watu zaidi ni ule ugonjwa wa kupe wenyewe, erlikia. Unaanza na homa na unyonge wa siku kadhaa, halafu mbwa anaonekana kapona. Anakula, anabweka, anafukuza bodaboda. Kumbe vijidudu bado vimo, chembe zinazogandisha damu zinapungua kimyakimya, na hali hiyo inaweza kwenda miezi, hata miaka. Ndicho kipindi ambacho mwenye mbwa anajisifu kwamba mbwa wake ni chuma. Siku moja anatoka damu puani, tumbo lina madoa mekundu, anakufa, na jibu linakuwa tayari: jirani kampa sumu. Ugomvi wa ukuta kwa ukuta, kisa kupe. Wakati kipimo cha damu kingeonyesha mapema, na tiba yake ya kawaida ni doksisaiklini ya wiki nne. Wiki nne kamili, usikatishe kwa sababu ameanza kuruka ruka.

Kupe wenyewe, wale wa kahawia, si wa porini tu. Wanaishi ndani kwetu. Jike akishiba anashuka, anaingia kwenye ufa wa ukuta na kutaga mayai kwa maelfu. Kwa hiyo wewe unayekaa kibarazani jioni kumng'oa mmoja mmoja, hongera, umepunguza wageni lakini nyumba ni yao. Mbwa apewe dawa, na banda na nyufa zipuliziwe, siku hizo hizo.

Sasa njoo kwenye sindano, hapa ndipo damu inanichemka. Kuna dawa ya diminazini, ile ya nagana ya ng'ombe, inayotumika pia kwa mbwa mwenye babesia, ugonjwa mwingine wa kupe. Ile ya asilimia 7 hupigwa mililita 1 kwa kila kilo 20. Piga hesabu ya Simba: robo mililita. Mkono ukiteleza robo nyingine umempa mara mbili, na kwa mbwa dawa hii ikizidi inaharibu ubongo. Halafu anakuja mtu na pikipiki, hana mizani, anamtazama mbwa, anasema "huyu kama kilo kumi hivi" na kuvuta bomba. Ni manyoya yale! Mlowanishe uone kilichobaki. Mizani ya jikoni tu ingetosha, au panda mizani ukiwa umembeba kisha utoe uzito wako, kama unaweza kuvumilia kuuona.

Mengine kwa haraka. Diklofenaki na vidonge vyenu vya maumivu msimpe, vinachoma tumbo na figo. Mifupa ya kuku iliyopikwa, chokoleti, vitunguu, hapana. Meno ya mbwa wadogo yamebanana na huoza upesi, kwa hiyo harufu ile si "harufu ya mbwa". Chanjo ya parvo hairukwi, na sindano moja ya utotoni haitoshi.

Hela? Najua. Kuna mwezi dawa ya kupe imenizidi bei, na kuna watu wanachagua kati ya hiyo na ada ya mtoto, hao siwasemi. Wala simsemi jirani yangu ambaye kwa dini yake mbwa hamgusi, lakini nilipokuwa msibani ndiye aliyekuwa akijaza kopo la maji. Nawasema wenye hela ya kumnunulia mbwa kola ya kung'aa.

Na nyie, halmashauri ikitangaza chanjo ya bure ya kichaa cha mbwa, mnawapeleka wale wa ulinzi na kumwacha mdogo eti huyu hang'ati. Anang'ata. Fundi aliyekuja kutazama tanki letu alioshwa jeraha kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15, akapelekwa hospitali, na kabla hajapanda bajaji aliomba kwanza aione kadi ya chanjo ya Simba.