Wafalme Wanne, Kuku Hata Mmoja

Jamani, mimi ni mkulima wa Sussex, huku pwani ya kusini mwa Uingereza. Siasa siiwezi na sikuwahi kuitaka, yenyewe ndiyo inanifuata mpaka shambani. Mwaka uliopita peke yake, huo wa 1066, nimekuwa raia wa wafalme wanne, na hapo simhesabu yule wa Norway aliyetaka kuwa wa tano akaishia kuzikwa.

Tarehe 5 Januari mfalme wetu, mzee Edward, akafariki. Mcha Mungu, sina neno naye, ila mtoto hakuacha. Huku kwetu mtu akifa bila mtoto akaacha ng'ombe wawili, ukoo unakaa vikao hadi mavuno. Wao? Tarehe 6 wamemzika kwenye kanisa jipya la Westminster, lililozinduliwa wiki moja tu nyuma, na siku hiyohiyo shemeji yake Harold kavishwa taji. Matanga hayajatandikwa! Mama watoto akaniambia, "Baba Fulani, ukiona shemeji ana haraka hivyo, ujue yuko mwingine njiani."

Walikuwa njiani tele. Ng'ambo kule Normandy, upande wa Ufaransa, yuko Mtemi William, ambaye ni mjukuu wa mjomba wa marehemu. Mjukuu wa mjomba! Anadai marehemu alimwahidi kiti, na kwamba Harold mwenyewe alimwapia juu ya mifupa ya watakatifu. Norway nako yuko Harald Hardrada, anashikilia makubaliano ya wafalme wawili wa zamani ambao wote wameshakufa, kwa hiyo ukitaka kuuliza uende makaburini. Tena kuna Tostig, mdogo wake Harold, tumbo moja, aliyetimuliwa kaskazini mwaka juzi. Mwezi Mei huyo katokea na merikebu zake, anapita pwani anakomba fedha na vyakula vya watu. Ugomvi wa kwao, lakini gunia lililobebwa si la kwao.

Katikati ya hayo, mwishoni mwa Aprili, ikatoka nyota yenye mkia, ikakaa angani usiku baada ya usiku kwa wiki nzima. Padri akasema ni onyo kwa wenye dhambi. Kijiji kizima tukageuka kumtazama jirani yangu.

Basi Harold akaita mgambo. Kwa wenzetu wa Berkshire desturi inajulikana: kila haidi tano za ardhi (haidi ni kipimo chetu cha shamba) zinatoa askari mmoja, kila haidi inamchangia shilingi 4, akae miezi miwili arudi kwake. Sisi tuliwekwa pwani kiangazi chote. Kazi yenyewe ilikuwa kutazama maji. Unaamka, unatazama maji, unakula mkate mkavu, unatazama maji. Shayiri yangu imeiva, naijua imeiva, naisikia mpaka ndotoni inapukutika, na mimi niko mchangani namngoja mtu ambaye hata sura yake siijui. Upepo ukagoma kumleta. Tarehe 8 Septemba, sikukuu ya kuzaliwa Bikira Maria, chakula kikaisha kabisa, tukaambiwa haya, nendeni makwenu.

Nikaenda. Nimefika, nimevua viatu, nimeanza kuokoteza kilichobaki shambani. Tarehe 28 mwezi huohuo William huyo, kashuka Pevensey, pwani yetu hiihii! Kiangazi kizima namsubiri haji, nimevua viatu kaja. Na mfalme wetu naye hayuko. Yuko juu huko Yorkshire, kwa sababu Hardrada na Tostig walifika na merikebu kama 300, wakawachapa wakuu wa kaskazini pale Fulford tarehe 20. Harold akapanda mbiombio na jeshi, tarehe 25 akawakuta Stamford Bridge wakiwa wamejiachia, akawamaliza wote wawili. Waliobaki hai walitosha merikebu 24. Hongera zake. Ila mlango wa kusini alikuwa ameuacha wazi, na mlango wa kusini ni mimi.

Wanormandi wakaja na farasi wao, farasi waliosafiri kwa merikebu wakiwa na afya kuliko mimi. Hawakubisha hodi. Waliwakamata kuku wangu wote, wakawachoma kwenye vijiti, wakapanga ngao zao zikawa meza, kisha askofu Odo, ndugu yake William kwa mama, akabariki chakula. Sikilizeni vizuri: akambariki kuku wangu, mbele yangu, na hata kipapatio sikukatiwa. Nyumba ya mjane wa jirani ikatiwa moto, yeye na mwanawe wakabaki wamesimama nje. Sijui iliwakosea nini.

Kesho yake nikapewa sepetu. Wanataka ngome Hastings, na ngome yao inakaa juu ya kilima, na kilima chenyewe hakipo, kwa hiyo tukijenge kwanza. Wachimbaji wawili wakakorofishana wakaanza kupigana sepetu za kichwa. Nikasema heri hao, wao angalau wanajua wanagombania nini.

Harold akashuka mbio kutoka kaskazini, na Jumamosi ya tarehe 14 Oktoba yeye na William wakakutana vitani. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka giza, watu wetu kwa miguu juu ya kilima, ngao kwa ngao, wale wanapanda na farasi, wanarudishwa, wanapanda tena. Harold akafa, na ndugu zake Gyrth na Leofwine wakafa. Inasemekana mama yao, Gytha, alitoa dhahabu ya uzito wa mwili wa mwanawe ili apewe akamzike, akakataliwa. Hapo sina utani.

London nao wakamtangaza kijana Edgar, wa ukoo wa marehemu Edward, ndevu bado. Taji hakuvaa. Nilikuwa sijajifunza vizuri kulitaja jina lake kwenye sala, nikaambiwa yeye mwenyewe kaenda Berkhamsted na Askofu Mkuu Ealdred kumpigia William magoti.

Krismasi ndiyo William akavishwa taji. Aliyetoka London kanihadithia. Ealdred anauliza kwa Kiingereza, mnamkubali? Askofu wa Coutances anauliza tena kwa Kifaransa. Watu, kwa woga au kwa mapenzi, wakapaza sauti: ndiyooo! Walinzi walioko nje wakasikia kelele, wakajua ni maasi. Wakafanyaje? Wakachoma nyumba za jirani! Fujo iko kanisani, wewe unamchomea mtu wa nje paa, kwa hesabu gani? Waumini wakatoka mbio, wengine kuzima moto, wengine kujiokotea vya watu, wakabaki maaskofu na watawa wachache wakiharakisha ibada, na mfalme mwenyewe anatetemeka.

Alipomaliza kutetemeka akatoza kodi.

Juzi wamekuja kwangu. Nilikuwa nimebakiwa na peni moja ya fedha, upande mmoja sura ya Harold, upande wa pili pameandikwa amani kwa Kilatini. Nikafikiri wataikataa, kwa kuwa mwenye sura wamemuua wenyewe. Thubutu! Ikapimwa, ikaingia mfukoni. Nikamuuliza mkusanyaji kwa adabu zote: bwana mkubwa, hii inanitosha mpaka mwakani, au mpaka mfalme mwingine?

Akanijibu kwa Kifaransa.