Bosi wangu aliandika kwenye ubao

Jumatatu bosi wangu hapa Leeds, Uingereza, alichukua kalamu akaandika kwenye ubao wa ratiba, mbele ya jina lake: kesho saa nane mchana niko kwa mshauri nasaha. Akaendelea kugawa kazi. Hakuna aliyeguna. Mimi nilibaki nimeshika kikombe cha chai mpaka kikapoa.

Nilikuwa naiwaza Mwanza. Nilipomzika baba kule Magu, siku ya tano nilisimama kiwandani, kisu mkononi, nakata minofu ya sangara. Sheria inatoa siku nne za msiba zenye malipo, nami nilikuwa nimezimaliza. Wiki hiyo nilijikata kidole mara mbili. Supavaiza wangu, mtu mwema aliyebeba jeneza pamoja nasi, aliniambia, "Jikaze, mdogo wangu." Basi.

Najua mtakachosema. Ughaibuni kumemlevya huyu. Wazungu ni wapweke, ndiyo maana wanalipia mtu wa kuongea naye. Jamani, kwenye msiba hakuna wa kutushinda. Mwenzetu hapa alifiwa na mama yake, tukamzungushia kadi ya kusaini. Kwetu kiwanda kingekodi basi, watu wangelala matangani. Hilo najivunia na nitaendelea kujivunia. Lakini tanga likishaondolewa, mwezi wa tatu huo, usingizi umekataa, nani anakuuliza?

"Mjomba yupo, mchungaji yupo, shehe yupo." Wapo. Ila mjomba ndiye anayenidai, na neno la Igoma linafika Kirumba kabla jua halijazama. Ukionekana kliniki ya akili pale hospitali ya Bugando leo, kesho midomo ya watu imeshakufikisha Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Watu wetu hawakatai msaada, wanaogopea jina lao. Bango la ukutani haliondoi woga huo.

Kampuni yetu hapa ina watu kama 150. Namba ya kumpigia mshauri nasaha ni ya watu wa nje ya kampuni. Mwajiri anapelekewa idadi ya waliopiga, majina hapewi. Unakwenda saa za kazi, mshahara haukatwi. Namba hiyo imebandikwa jikoni tangu nianze kazi, miaka mitatu sasa, na sikuwahi kuipiga. Nimeipiga Jumatano, kwa sababu ya ule ubao.

Wenye viwanda vya Nyakato na Igogo huko Mwanza, siwaambii mwajiri awe daktari. Tafuteni mshauri wa nje, ankara yake ionyeshe vikao bila majina, na meneja aanze kwenda yeye, mchana kweupe. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya miezi 36, na hakuna palipoandikwa kwamba ni za malaria pekee.

Jana usiku nilimsimulia yule supavaiza wangu, ambaye sasa ni meneja. Alicheka kwanza. Kisha akashusha sauti: "Hiyo ankara kweli haiandiki jina, mdogo wangu? Hata la meneja?"