Mfungwa akishatushindia vita, nani atamdai?

Mimi hizi hadithi za sai-fai ambazo vita vishatuelemea, wanajeshi wamechoka, halafu anatolewa mwanasayansi wa adui selo aje atuokoe, nazipenda sana wallahi, lakini kuna kitu kinanikera na leo nakisema. Waandishi wengi wanamaliza kurasa zote wakituuliza swali moja tu, atatusaliti au hatatusaliti? Kaficha kitu kwenye mtambo au kweli moyo umegeuka? Hilo mimi naliona swali jepesi. Zito ni akitusaidia kwelikweli, bila hila, mpaka tukashinda, na huku nyuma ana maiti zake ambazo hakuna aliyemuuliza.

Haya yamenijia manake kuna kijana wa hapa Malindi anaandika hadithi kwa simu, ananitumia vipandevipande kwa WhatsApp. Tamu, sisemi uongo. Ni miaka ya mbele huko, watu wa pwani wanapigana na binadamu waliohamia Mars, na hao wa Mars wana silaha inayozima setelaiti zetu moja baada ya nyengine. Wetu wanamkamata mama mmoja, ndiye aliyeibuni hiyo silaha, wanamfungia wapi? Kwenye jukwaa la San Marco, pale baharini Ngomeni. Hapo alinimaliza. Kwa msiojua, lile jukwaa la Wataliano lilikuwa linarusha roketi kweli, kuanzia 1967 mpaka 1988, roketi zenyewe za Wamarekani zinaitwa Scout, na walichagua huku kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta na mzunguko wa dunia unaisukuma roketi bure. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya Jamhuri, ilirushwa pale setelaiti ikapewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuangalia eksirei za nyota tu. Na watu wanapita Ngomeni kununua chumvi na kamba hawana habari.

Halafu angalia, hao hao Wataliano 1940 ndege zao zilitupiga mabomu hapa hapa Malindi. Waliotekwa vitani wakaletwa Kenya kwenye kambi, wakajenga barabara ya kushuka bonde la ufa na lile kanisa dogo la Mai Mahiu la 1942. Leo vijana wetu wa bichi wanaongea Kitaliano kama maji. Yaani sisi kuzoeana na adui wa jana si kitu kigeni, hata hatukioni, na ndio maana nadhani hadithi kama hii ikiandikwa na mtu wa hapa inafaa iwe na uchungu zaidi kuliko ya mtu aliyekulia mbali na mambo haya.

Kwenye mambo ya ulinzi kijana yuko sawa kiasi. Walinzi wake wanaikagua mitambo ya yule mama kutwa kucha lakini chakula hawakigusi, na kila mtu wa pwani akisoma hapo anacheka kwa sababu tunaijua ya Fumo Liyongo, yule shujaa wa hadithi za pwani aliyefungwa gerezani akaletewa mikate, mkate mzuri walinzi wanakula wenyewe, wa wishwa wanauacha upite, na tupa iko ndani. Ila nilimwambia, kaka, shida yako si tupa. Shida yako ni nani anaangalia hesabu za huyu mama? Kama mnaye mtu wa kuzikagua basi hamkumhitaji yeye, na kama hamna, mnamwamini kwa lazima, si kwa mapenzi. Warusi walikuwa na dawa yao, mwaka 1946 walimchukua Helmut Gröttrup na wataalamu wengine wa roketi wa Kijerumani, wengi wakawekwa kisiwani Gorodomlya katika ziwa Seliger, wanapewa maswali, wanaandika majibu, majibu yanachukuliwa yanapelekwa kwa wahandisi wa Kirusi na wao wenyewe hawaambiwi yamefikia wapi. Waingereza nao 1945 waliwaweka wanasayansi kumi wa Kijerumani kwenye nyumba nzuri ya Farm Hall, chakula kipo, bustani ipo, piano ipo, na vinasa sauti vimejaa ukutani. Walipotangaziwa bomu la Hiroshima watu walikuwa wanasikiliza kila wanalosema. Ukiandika kitu kama hicho msomaji hapati usingizi.

Sasa tuje kwenye mwisho wa hadithi ya kijana, ndipo tuliposhikana mashati. Yule mama anazima silaha yake mwenyewe, vita vinakwisha, analia, anapewa uraia, na jamani anaolewa na kapteni wa jukwaa! Harusi ya siku saba, twari na vigelegele. Nikamuuliza, na watu wa Mombasa waliokufa sura ya kwanza setelaiti zilipozimwa na mashine za hospitali zikasimama? Akanijibu, "Lakini kaka, bila yeye tungekufa sote."

Ndio. Hapo ndipo penyewe. Hilo jibu si la kijana peke yake, ndilo serikali kubwa zilijipa. Wernher von Braun, mtaalamu wa roketi wa Kijerumani, alikuwa mwanachama wa SS, kile kikosi cha Wanazi wa Hitler, kombora lake la V-2 liliundwa kwenye mahandaki karibu na Nordhausen na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, wanakaa humo humo kwenye vumbi na baridi, na inakadiriwa wafungwa kama 60,000 walipitia kambi hiyo na kama 20,000 wakafa. Wanahistoria wanasema waliokufa kwa kuliunda lile kombora ni wengi kuliko waliouawa nalo likianguka. Na yeye alishawahi kuingia kwenye hayo mahandaki, hakukataa. Mwaka 1945 akajisalimisha kwa Wamarekani, akapelekwa Texas na wenzake, baadaye Alabama, 1955 akawa raia, na 1969 roketi yake ya Saturn V ikawapeleka watu mwezini. Hakusaliti mtu. Alifanya kazi kwa uaminifu na akapewa medali. Mwenzake Arthur Rudolph, aliyesimamia uzalishaji kule kwenye mahandaki, naye akasimamia mradi wa Saturn V, na wachunguzi wakaja kumbana baadaye sana, 1984 akaachia uraia akaondoka Marekani. Miaka 15 baada ya mwezi! Walipokuwa wanamhitaji hakuna aliyeuliza, alipostaafu ndio wakakumbuka.

Kwa hivo uaminifu wa mfungwa ndio hatari yenyewe. Akitusaliti tutamchukia na kila kitu kitabaki mahali pake. Akitusaidia tunaanza kusema kumbe mtu mzuri, tunamcheka utani, tunajua chai anaitaka sukari ngapi, na wale waliokufa wanageuka kuwa watu wa kuleta maneno kwenye sherehe. Mwandishi mwenye ujuzi anatufanya tumpende huyo mama halafu anatuonyesha gharama ya hayo mapenzi. Anayetupa harusi anatulipia deni kwa pesa ambayo si yake.

Na asije mtu kuniambia dunia ndivyo ilivyo, adui wa adui ni rafiki. Malindi tunalijua hilo, sultani wetu alimpokea Vasco da Gama Aprili 1498 kwa sababu alikuwa hapatani na Mombasa, na hata huo urafiki wenyewe, Wareno walimshikilia mtu wa sultani melini mpaka walipoletewa rubani wa kuwavusha mpaka Calicut kule India. Huyo rubani jina lake watu wanabishana mpaka leo. Kuanzia 1593 Wareno wakawa wanajenga Fort Jesus, wapi? Mombasa. Sisi tukabaki na nguzo yao pale ufukweni.

Tumefika pahali, kijana amekubali kuivunja harusi (kanung'unika siku mbili, anasema wasomaji wake watamtukana) na anaandika sehemu ya pili, vita vimekwisha, yule mama ni shujaa, ana nyumba Casuarina hapa Malindi, na mtu anakuja na mashtaka. Tunachobishana sasa ni nani aje. Yeye anataka awe mtoto wa mtu aliyekufa hospitalini Mombasa. Mimi nataka awe mtu wa Mars, fundi aliyefungiwa kwenye mahandaki ya huko akalazimishwa kuiunda ile silaha, kwa sababu Dora pia walikuwemo Wafaransa, Warusi na Wapolandi waliokuwa mikononi mwa von Braun na wenzake muda mrefu kabla Wamarekani hawajafika, na mtu kama huyo hawezi kuambiwa bila yeye tungekufa. Wenzake walishakufa.