Kabla ya kamera, nunua stendi

Vijana wa Arusha wanaoanza kuongoza watalii wa ndege huniuliza wanunue kamera gani ya kufunga nyuma ya darubini, ile ya jicho moja. Huwa nawajibu: stendi ya miguu mitatu. Darubini inayokuza ndege mara 30 inakuza pia kila mtikisiko. Ukigusa tu kitufe cha kurekodi, picha yote inaruka, na kamera ya gharama haitakusaidia. Tafuta miguu mizito na kile kichwa cha video, sehemu ya juu inayoshika darubini, kinachogeuka polepole bila kukwama, kama wanachotumia wapiga video za harusi.

Ukishapata hiyo, simu uliyonayo inatosha kuanzia. Kwa kipimo cha wapiga picha, ambapo milimita zikiongezeka lenzi inavuta mbali zaidi, lenzi kuu ya simu nyingi ni sawa na milimita 26 hivi. Iweke nyuma ya darubini ya mara 20, unapata kama milimita 520. Lenzi ya namna hiyo ya kamera kubwa ni mzigo wa kilo kadhaa na bei yake inatisha. Cha kuangalia ni adapta ishike simu imara, lenzi ikae katikati kabisa ya kioo cha kuchungulia. Usizumu ovyo, maana simu yenye lenzi nyingi inaweza kuhamia lenzi nyingine, ubaki na giza kwenye skrini.

Anayetaka kamera halisi achukue ndogo yenye lenzi fupi, milimita 20 au 25 kwenye Micro Four Thirds, mfumo wa kamera ndogo za kubadilisha lenzi. Hapa ndipo watu wanapoteza pesa: wananunua kamera yenye zumu ndefu wakidhani itaongeza nguvu, kumbe mara nyingi inaleta duara jeusi pembeni.

Na jamani, acheni kukimbilia mara 60. Kwenye darubini yenye kioo cha mbele cha upana wa milimita 80, ukikuza mara 20 mwanga unatoka kwa upana wa milimita 4. Ukifika 60, unabaki milimita 1.3. Video inakuwa nyeusi, yenye chengachenga.

Nasisitiza haya kwa sababu ya kipozamataza wa Beesley. Ndege huyu mdogo anaishi kwenye nyanda chache za nyasi fupi kaskazini mwa Arusha, ukielekea Namanga, na anataga chini. Waliobaki ni wachache mno. Bado kuna magari yanayoacha njia na kukanyaga nyasi ili simu ya mgeni imfikie. Darubini iliyotulia inakupa video yake akiwa mbali, anakimbia na kuokota wadudu kama vile haupo. Nenda alfajiri, maana jua likipanda, hewa juu ya ardhi ile kavu inacheza na hakuna lenzi inayoinyoosha. Gari libaki barabarani, stendi uifungue chini kabisa usawa wa magoti, upepo usiitikise.