Kifungo cha nje na mlango wa gereza: probesheni ya watu wazima Marekani

Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika Kaunti ya Marion, jimbo la Oregon, baadhi ya watu waliotiwa hatiani walipewa hiari: gereza, au probesheni, yaani kifungo cha nje, yenye uangalizi mkali. Kuna waliochagua gereza. Haukuwa wazimu. Gerezani wangekaa muda unaojulikana na kutoka. Nje wangepimwa mkojo, wangetembelewa nyumbani bila taarifa, na kuteleza kidogo kungewapeleka gerezani baada ya kuhangaika miezi na miezi.

Nimewatanguliza hao kwa sababu ubishi kuhusu probesheni ya Marekani umezoea kambi mbili. Moja inasema ni huruma iliyopitiliza, mhalifu anapelekwa nyumbani kulala. Nyingine inasema ni gereza lisilo na kuta. Waliochagua gereza kule Marion wanazitia dosari kambi zote mbili: huruma gani hiyo inayokimbiwa? Na kama probesheni ni gereza, mbona familia hushusha pumzi hakimu akiitamka?

Tuangalie kwanza inavyofanya kazi. Karibu watu wazima milioni 3 wako chini ya probesheni nchini humo, wengi kuliko walioko magerezani na katika jela (za mahabusu na vifungo vifupi) zote kwa pamoja. Si sawa na parole, ambayo humfuata mtu aliyekwisha kutumikia sehemu ya kifungo. Probesheni kwa kawaida huchukua nafasi ya kifungo. Katika majimbo kadhaa inaendeshwa na serikali ya jimbo, lakini California, Texas, Arizona na Illinois ni miongoni mwa yale ambako idara ni ya kaunti na imefungamana na mahakama. Kazi huanza hata kabla ya hukumu: afisa humchunguza mshtakiwa, familia yake, kazi, ulevi na makosa ya zamani, kisha humwandikia hakimu ripoti. Baada ya hukumu hufuata fomu ya tathmini ya hatari, inayompanga mtu katika ngazi ya chini, ya kati au ya juu. Wenye matatizo ya akili, waliopiga wenza wao na waliotenda makosa ya kingono mara nyingi hupewa maafisa maalumu wenye mafaili machache zaidi.

Kisha masharti. Usitoke nje ya kaunti bila ruhusa. Uwe na kazi. Usinywe. Lipa faini na ada. Ruhusu upekuzi. Usifuatane na watu wenye rekodi ya uhalifu, sharti linalosomeka vizuri kwenye karatasi mpaka mwenye rekodi awe ni kaka yako mnayelala chumba kimoja. Sambamba na hayo kuna upande wa urekebishaji: tiba ya uraibu, vikundi vya kumfundisha mtu kuzikagua fikra zake kabla ya kutenda, masomo kwa walioacha shule, msaada wa kutafuta kazi.

Anayeyasimamia yote hayo ni afisa mmoja, na hapo ndipo mgogoro ulipo. Asili yake ni fundi viatu wa Boston, John Augustus, ambaye mwaka 1841 alimwekea dhamana mlevi mmoja mahakamani na kumrudisha wiki tatu baadaye akiwa hajanywa. Mpaka anafariki mwaka 1859 alikuwa amewasaidia watu wapatao 2,000. Wanaomsifu kwa moyo wake husahau kwamba alikuwa mchaguzi: aliwachukua wale aliowaona wanarekebishika. Massachusetts ilipoitungia kazi hiyo sheria mwaka 1878, afisa wa kulipwa aliwekwa chini ya mkuu wa polisi, na mwaka 1891 uteuzi ukahamishiwa mahakamani. Tangu hapo afisa probesheni ni nusu fundi viatu, nusu askari. Anamwambia mteja, yaani mtu aliye chini ya uangalizi wake, "niambie ukweli ukirudi kwenye dawa," na ukweli huohuo unaweza kuwa ushahidi wa kumfunga.

Wanaotaka mkono mzito wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Mume aliyempiga mkewe na kuamriwa asimkaribie hafai kuonana na afisa mara mbili kwa mwaka. Aliyekamatwa mara tatu akiendesha gari amelewa, vivyo hivyo. Tena kuna hoja ya hakimu: akishaamini kwamba probesheni ni jina tu, siku nyingine atamfunga hata yule ambaye angeweza kumwacha nje. Masharti yasiyofuatiliwa huidhoofisha adhabu mbadala yenyewe.

Ushahidi wao mashuhuri ulitoka Hawaii. Mwaka 2004 Jaji Steven Alm wa Honolulu alichoshwa na utaratibu wa kumsamehe mtu vipimo kumi vilivyomkuta na dawa za kulevya, kisha kumtupia miaka ya kifungo kwa cha kumi na moja. Akaanzisha mpango wa HOPE: mteja anapiga simu kila asubuhi ya siku ya kazi kujua kama leo ni zamu yake ya kupimwa, na akikutwa na dawa anakamatwa papo hapo na kukaa jela siku chache tu. Adhabu fupi, ya haraka, isiyo na kubahatisha. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba waliokuwa HOPE walikamatwa kwa makosa mapya pungufu kwa asilimia 55 kuliko wenzao wa probesheni ya kawaida. Kaunti nyingi zikataka kuiga.

Halafu ikajaribiwa kwingine, katika kaunti nne: Saline (Arkansas), Essex (Massachusetts), Clackamas (Oregon) na Tarrant (Texas), kwa watu zaidi ya 1,500 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Matokeo ya mwaka 2016: kwa kukamatwa tena, hapakuwa na tofauti ya maana. Watetezi walisema mpango haukutekelezwa kwa roho yake, wapinzani wakasema ndoto imekwisha. Mimi nadhani pande zote mbili zilipita kando ya swali. Alm alikuwa hakimu mwenye kushikilia jambo, aliyewaeleza wateja wake ana kwa ana kwamba anataka wafaulu. Ukiusafirisha utaratibu bila mtu huyo, unabaki na nini? Unabaki na vipimo na jela.

Na vipimo na jela tayari tulikuwa na habari zake. Jaribio la shirika la utafiti la RAND katika maeneo 14 ya majimbo 9, lililochapishwa mwaka 1993, lililinganisha uangalizi mkali na wa kawaida. Uangalizi mkali haukupunguza makosa mapya. Kilichopanda ni kuvunja masharti: asilimia 65 ya walioangaliwa kwa karibu, dhidi ya 38 ya wenzao. Ukimtazama mtu sana, utaona mengi. Kidogo kilichotia moyo ni kwamba pale uangalizi ulipoambatana na tiba halisi, waliohudhuria walikamatwa mara chache zaidi.

Upande wa pili kuna Philadelphia, jiji ambalo pia ni kaunti. Mwaka 2007 idara yake iliwachukua watu zaidi ya 1,500 wa hatari ndogo na kuwagawanya kwa bahati nasibu. Kundi moja likawekwa chini ya maafisa wenye mafaili hadi 400 kila mmoja, wakionana nao takriban mara moja kila miezi sita. Makosa mapya hayakuongezeka. Kwangu hili ndilo tokeo linalosema zaidi katika fani nzima, maana linaonyesha kwamba saa nyingi za maafisa zinatumika kwa watu wasiozihitaji. Mtu wa hatari ndogo akilazimishwa kuacha kazi mchana ili aketi kwenye kikundi na watu wa hatari kubwa, anaweza hata kuharibika zaidi.

Sasa mteja anapoteleza. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1973, Gagnon dhidi ya Scarpelli, mtu hawezi kufutiwa probesheni bila kusikilizwa. Lakini kikao hicho si kesi kamili: hakuna baraza la wazee wa mahakama, na kwa kawaida kiwango cha ushahidi ni cha chini kuliko cha kesi ya jinai. Ripoti ya mwaka 2019 ya Council of State Governments, baraza la serikali za majimbo, ilikuta asilimia 45 ya walioingia magereza ya majimbo walikuwa wamevunja probesheni au parole, na karibu robo ya walioingia wote walifungwa kwa kukiuka masharti tu, bila kosa jipya. Msanii Meek Mill alitiwa hatiani Philadelphia mwaka 2008. Mwaka 2017 bado yuko probesheni, akapewa miaka 2 hadi 4 kwa kuvunja masharti. Hukumu yake ya awali ilikuja kubatilishwa mwaka 2019. Yeye alikuwa na mawakili na mashabiki.

Lipo suala la fedha ambalo halisemwi vya kutosha. Pale idara ilipo ya kaunti, mara nyingi afisa analipwa na kaunti, gereza linalipiwa na jimbo. Kaunti ikimkazania mteja mgumu, gharama ni yake. Ikimpeleka gerezani, mzigo unahama. California ililigusa jambo hili mwaka 2009 kwa sheria iliyozigawia kaunti sehemu ya fedha jimbo lilizookoa watu wachache zaidi walipofeli probesheni. Mwaka wa kwanza tu kiwango cha waliofeli na kufungwa kilishuka kwa asilimia 23. Wenye mashaka wana haki ya kuuliza: je, watu walibadilika, au maafisa walijifunza kufumba jicho? Yawezekana yote mawili, ndiyo maana idara inayojisifu kwa takwimu hiyo peke yake hainishawishi. Nataka kuona pia ni wangapi walikamatwa kwa makosa mapya.

Ada ni suala jepesi kuliamua. Texas humtoza mteja kati ya dola 25 na 60 kwa mwezi kwa kuangaliwa. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1983, katika Bearden dhidi ya Georgia, kwamba mtu asifungwe kwa kushindwa kulipa bila kwanza kuchunguza kama anao uwezo. California ilifuta ada za probesheni ya watu wazima kuanzia Julai 2021. Aige yeyote atakaye. Sijasikia hoja ya maana ya urekebishaji inayozitetea.

Muda ni mgumu zaidi. Tangu 2021 California imeweka kikomo cha mwaka 1 kwa makosa mengi madogo na miaka 2 kwa mengi ya makubwa. Lakini programu ya waliopiga wenza wao huko huchukua wiki 52, na anayechelewa kuanza au kurudia hawezi kuimaliza ndani ya mwaka. Ndiyo maana makosa yaliyowekewa muda wake kisheria yaliachwa nje ya kikomo. Arizona ilipita njia nyingine mwaka 2008: anayetii masharti anapunguziwa hadi siku 20 kwa kila mwezi. Naupenda mpango huu kwa sababu unampa afisa kitu cha kutoa badala ya vitisho pekee.

Haya yote huishia mezani pa afisa, Ijumaa jioni, na kipimo cha mkojo chenye dawa. Mteja ana kazi, ana miezi minne bila kosa, na amekiri mwenyewe. Afisa akiomba afungwe, hakuna atakayejua kama angejirekebisha. Akimwacha na mtu akaumizwa, jina lake litasomwa kwenye habari. Anapiga simu kituo cha tiba. Nafasi ya kwanza ni baada ya wiki tatu. Kitanda cha jela kipo usiku huu.