Mkia uinuliwe mapema au usubiri? Ndege za tairi la nyuma na kuchepuka wakati wa kuruka

Marubani wa ndege ndogo za tairi la nyuma (magurudumu mawili makubwa mbele, kadogo kamoja chini ya mkia), zile kama Piper Cub, Citabria au Cessna 180, huu ubishi hauwaishi. Wapo wanaosema ukishafungua gesi inua mkia haraka, wengine wanasema acha mkia chini, ndege ikiwa tayari itaondoka yenyewe. Na kila upande unaamini mwenzie ndo anayezipeleka ndege majanini. Mi naona wote wana hoja nzito, ila wanabishania muda wakati kitu chenyewe ni hewa inayopita kwenye usukani wa mkia, ule unaogeuza pua kushoto na kulia kwa pedeli za miguu.

Kwanza tuelewane kwa nini zinachepuka, yaani zinaacha mstari zikiwa zinakimbia ardhini. Kitovu cha uzito kiko nyuma ya yale magurudumu mawili makubwa, kwa hiyo pua ikigeuka kidogo tu ule uzito wa nyuma unataka kupita mbele, mfano wa mshale uliorushwa kinyume, na ikishaanza inazidi, usipoiwahi inajizungusha hapo hapo chini, bawa linakwaruza na mguu wa gurudumu unaweza kuvunjika. Ndege ya tairi la pua uzito uko mbele ya magurudumu makuu, ikichepuka inajinyoosha yenyewe, ndo maana ukiizoea hiyo miguu inalala.

Wa mkia juu wana haki. Mkia ukiwa chini propela imeinamia nyuma, basi lile panga linaloshuka upande wa kulia linakamata hewa zaidi ya linalopanda kushoto na pua inavutwa kushoto muda wote. Ukiinua hilo linapungua sana, unaona mbele vizuri, na mabawa yanapunguza kunyanyua kwa hiyo magurudumu yanashika ardhi, kitu cha maana sana upepo ukiwa wa ubavuni.

Lakini wa mkia chini nao wameona jambo ambalo wenzao wanalipita juu juu. Mwanzoni spidi ni ndogo, usukani unategemea upepo wa propela tu, kinachokushikia njia kwa uhakika ni tairi la nyuma. Sasa wewe unaliondoa ardhini! Na kuna lingine, propela inayozunguka ina tabia ya pia, ile ya kuchezea watoto, ukiiinamisha kwenda mbele inajibu kwa ubavu, yaani ukiinua mkia kwa nguvu pua inaruka kushoto, tena sekunde ile ile ambayo umeachia tairi lililokuwa linakusaidia. Wengi wanapotelea hapo. (Nasema kushoto kwa sababu injini nyingi propela huzunguka kwenda kulia ukiitazama ukiwa kwenye kiti, ndege zenye injini ya Gipsy Major kama Tiger Moth na Chipmunk ni kinyume, zenyewe zinavuta kulia.)

Kwa hiyo mi ningemwambia mwanafunzi asihesabu sekunde, akanyage pedeli kidogo kidogo aone, pua ikijibu pale pale basi usukani umepata hewa, inua mkia taratibu huku mguu wa kulia uko tayari. Upepo ukitoka kushoto asubiri zaidi kidogo, maana mkia unasukumwa na upepo na pua inageukia kule kule injini inakoivuta. Ila asiukandamize mkia mpaka mwisho kama wengine wanavyofundisha, upepo ukiwa wa kushtua ndege itaruka kabla ya spidi kutosha halafu itarudi chini kwa ubavu.

Marekani wameweka sheria, kama hukuwahi kuandikisha saa za urubani mkuu kwenye ndege hizi kabla ya 15 Aprili 1991, lazima mwalimu akuidhinishe baada ya mafunzo, ya kuruka na kutua na upepo wa ubavuni ukiwemo, ila idadi ya saa haikutajwa. Nakubali, maana miguu ya watu haifanani, lakini mwalimu akiwa mlegevu mtu anapata sahihi siku ya upepo mtulivu, na hilo linaniumiza.

Kuna kitu kingine sioni kikifundishwa vya kutosha, nacho ni kukatisha kuruka ndege ikiwa tayari inakimbia. Ndege imeanza kwenda kushoto, umekandamiza mguu wa kulia wote, unafunga gesi ghafla kwa woga, basi ule mvuto wa kushoto unakatika lakini mguu bado umekandamiza, ndege inajitupa kulia. Ukifunga gesi, mguu nao ulegee wakati huo huo, na hili lifanyiwe mazoezi mwalimu akiwa kando, siyo mtu alikute kwa mara ya kwanza akiwa peke yake.